Duka kubwa likikudhalilisha, Tanga ina mahakama

Chini kabisa ya risiti, baada ya jumla na kodi, maduka mengi ya Tanga huchapa sentensi moja: mali ikishauzwa hairudishwi. Mengine yameibandika ukutani nyuma ya kaunta kwa herufi kubwa nyekundu. Mteja akirudi siku ya pili na pasi isiyopata moto, anaonyeshwa maandishi hayo kwa kidole na mazungumzo yanaishia hapo. Akizidi kuongea, sauti zinapanda, mlinzi anasogea, na mama wa watu anatoka amejifunika uso kwa ncha ya mtandio. Jioni anayasimulia barazani. Majirani wanampa pole, kila mmoja anatoa kisa chake, na wote wanamwachia Mungu.

Naamini kumwachia Mungu kumekuwa kimbilio la mapema mno. Nchi hii ina sheria inayomlinda mnunuzi, na inamlinda vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachokosekana ni watu wa kuifikisha sheria hiyo mbele ya hakimu.

Tuanze na ile sentensi ya risiti. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ina sehemu nzima kuhusu masharti yanayohesabika kuwamo ndani ya mauzo kwa mlaji hata kama hakuna aliyeyatamka dukani. Bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Ilingane na maelezo yake na sampuli yake. Kabla ya hapo tulikuwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa Waingereza walioinakili kutoka sheria yao ya 1893. Nayo iliyataja masharti ya namna hiyo, ila iliacha mlango wazi: pande mbili zikikubaliana vinginevyo, masharti yanaweza kuondolewa. Sheria ya 2003 iliufunga mlango huo kwa mlaji wa kawaida. Kipengele cha mkataba kinachojaribu kumnyang'anya haki hizo ni batili. Maana yake friji bovu linarudi dukani, na wino mwekundu wa ukutani hauwezi kulizuia.

Lazima niseme pia ambacho sheria haikisemi, maana wapo wateja wanaodai kisicho chao. Ukinunua viatu ukafika nyumbani ukaona rangi haikupendezi, mwenye duka halazimiki kuvipokea. Ukikagua bidhaa kwa macho yako na kasoro ilikuwa wazi, huwezi kesho kusema hukuiona. Anayechambua mitumba pale Tangamano anajua hilo kuliko wakili yeyote, ndiyo maana hugeuza shati ndani nje kabla ya kutoa hela. Ulinzi wa sheria ni kwa aliyeuziwa kitu kibovu, kitu bandia, au kitu kilichosifiwa kwa uongo.

Kwa nini basi tumezoea kunyamaza? Wazee wanaoikumbuka miaka ya sabini na themanini wana jibu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa ilishikwa na serikali, na kuanzia 1973 kila mkoa ulikuwa na kampuni yake ya biashara, ile tuliyoiita RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa sehemu nyingi ili ya ushirika yachukue nafasi. Ikafuata vita ya Kagera, kisha uhaba. Watu walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, wengine wakiweka jiwe kushikilia nafasi. Mwenye ufunguo wa ghala alikuwa mtu mkubwa, na mnunuzi alikuwa mwombaji. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 uliwatisha wafichaji wa bidhaa, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza mali kutoka nje. Rafu zilijaa, lakini unyenyekevu wa mnunuzi haukuondoka pamoja na foleni. Mpaka leo utamsikia mtu mzima akimwambia kijana wa kaunta, "Naomba unisaidie, mwanangu," kwa hela yake mwenyewe.

Majina makubwa ya biashara ya rejareja yalikuja Tanzania yakapita. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi ilifunga milango yake nchini mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ilianguka, na wadai wake walipiga kura ya kuifilisi Januari 2020. Kampuni zenye matawi ambazo mtu wa Tanga anakutana nazo kila siku ni za aina nyingine: maduka ya simu, ya vyombo vya umeme na samani, ya dawa, vituo vya mafuta. Kutoka Pangani, Muheza au Mkinga mtu anapanda gari mpaka mjini kununua televisheni, na ikiharibika anaambiwa suala lake liko makao makuu, Dar es Salaam.

Hilo la makao makuu ndilo linalowavunja wengi moyo, nalo halina mashiko kisheria. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamruhusu mdai kufungua shauri mahali chanzo cha mgogoro kilipotokea, na kampuni inahesabiwa kufanya biashara pale ilipo na tawi, kwa mambo yaliyotokea kwenye tawi hilo. Umenunua Tanga, umedhulumiwa Tanga, unashtaki Tanga. Mkurugenzi aliyeko ghorofani Posta ndiye atakayefunga safari, au amtume wakili wake.

Ubovu wa bidhaa, hata hivyo, ni nusu ndogo ya malalamiko. Ukikaa na watu ukawasikiliza, kinachowauma zaidi ni fedheha. Binti amesimamishwa mlangoni mwa duka, mbele ya watu, anaambiwa afungue mkoba. Mkoba hauna kitu. Anapelekwa chumba cha nyuma, anapekuliwa mwilini, hakuna kilichopatikana, anaambiwa nenda. Hakuna pole, hakuna samahani. Akirudi mtaani, habari imemtangulia, na katika mji ambao watu wanajuana kwa ukoo na kwa madrasa waliyosoma, jina la mwizi halifutiki kwa kuonyesha mkoba mtupu.

Hapa sheria ina meno makali. Katiba, Ibara ya 12, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13 inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ni kweli raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, na mlinzi wa duka naye ni raia. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka amkabidhi aliyemkamata kwa polisi bila kuchelewa. Kumfungia mtu stoo ili atishwe au alipe hakumo kabisa. Hata polisi mwenye kibali hana ruhusa ya kumpekua mwanamke ovyo: mwanamke anapekuliwa na mwanamke, kwa kuzingatia staha. Kama askari amefungwa na masharti hayo, kijana aliyevaa sare ya ulinzi kwa mshahara wa mwezi hawezi kuwa juu yake. Duka linaweza kukuomba uache begi mapokezi, linaweza kukuomba risiti ukitoka. Kukushika kwa nguvu bila sababu ya maana, kukuzuilia na kukupekua ni madhara ya kisheria ambayo unaweza kuyadai fidia, na kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai pia. Wala kampuni haiponi kwa kusema mlinzi alivuka mipaka mwenyewe. Mwajiri hubeba dhima ya alichofanya mwajiriwa wake akiwa kazini, na mlinzi akiwa ametoka kampuni ya ulinzi, mdai anaweza kuwaunganisha wote wawili.

Iwapo duka lilikufikisha polisi, ukashtakiwa na ukaachiwa, njia ni nyembamba kidogo. Uamuzi wa 1983 ambao mawakili wetu huutaja mpaka leo unamtaka mdai athibitishe mambo matano: kwamba alishtakiwa, kwamba shauri liliisha kwa kumwachia huru, kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya kumshtaki, kwamba mdaiwa alikuwa na nia mbaya, na kwamba alipata hasara. Nia mbaya ni ngumu kuithibitisha. Duka lililotoa taarifa kwa kuamini kweli kwamba limeibiwa halitaadhibiwa, na ni haki iwe hivyo. Wizi wa madukani upo na unawaumiza wafanyabiashara.

Siku hizi aibu ina mguu wa pili, nao ni kamera. Picha ya mteja inakatwa kutoka kwenye video ya duka, inaandikwa "mwizi", na kabla ya magharibi imezunguka vikundi vya WhatsApp kuanzia Chumbageni mpaka Makorora. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika na tume ya kuisimamia. Jirani zetu wametangulia kuonyesha inavyouma. Septemba 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha ile haikumwita mtu mwizi. Ilikuwa ya tangazo tu.

Nairobi hiyohiyo, Machi 2015, iligundulika hoteli ya Wachina iliyokuwa ikiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa 11 jioni. Wakenya walikasirika, hoteli ikafungwa, mwenye nayo akafikishwa kortini. Lakini makosa aliyosomewa yalihusu leseni. Ubaguzi wenyewe, uliowachoma watu moyo, haukuwa ndio shtaka. Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu kinaonyesha jinsi hasira ya umma inavyoweza kufunga mlango wa biashara bila kuacha hukumu ambayo mteja wa kesho ataishika mkononi. Hasira hupoa. Hukumu hubaki kwenye maktaba ya mahakama, na wakili wa miaka thelathini ijayo ataifungua.

Ndiyo maana kila mwanafunzi wa sheria wa Mzumbe au Dar es Salaam anamjua May Donoghue. Alikuwa mwanamke maskini wa Glasgow, naye mwenyewe akiuza dukani. Agosti 26, 1928 alikwenda mji wa Paisley, na rafiki yake akamnunulia soda ya tangawizi katika mgahawa. Chupa ilikuwa ya rangi, haionyeshi kilichomo. Alikuwa amekunywa kiasi, rafiki alipomimina iliyobaki akaona mabaki ya konokono yaliyooza. Mama yule aliugua. Hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, maana hakununua yeye, na sheria ya wakati ule haikumpa njia ya kumfikia mwenye kiwanda, David Stevenson.

Wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ametoka kushindwa mashauri ya watu waliokuta panya kwenye soda ya kampuni nyingine. Wiki chache tu baada ya kushindwa huko alifungua shauri la konokono. Shauri lilipanda mpaka Baraza la Malordi London, na huko mama yule aliomba asikilizwe kama fukara, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuweka dhamana ya gharama. Mei 26, 1932 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mlaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana. Stevenson alifariki, na mirathi yake ikalipa pauni 200 kumaliza jambo. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, kwa kuwa sheria ya Kiingereza iliyopokewa Tanganyika ni ile ya hadi Julai 22, 1920, lakini huuheshimu na kuutumia. Mwanamke asiye na senti aligusa chupa ya soda inayouzwa leo Barabara ya Nane Ngamiani.

Uingereza hiyohiyo, mwaka 1974, mteja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika sakafuni katika duka la Tesco mjini Liverpool. Mtindi ule ulikuwa umekaa sakafuni muda gani? Hakujua. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1976 kwamba duka ndilo linalopaswa kueleza utaratibu wake wa usafi, na maelezo yasipotosha, linawajibika. Alilipwa pauni 137 na nusu. Kiasi kidogo, lakini duka kubwa linalofuata mfumo huo wa sheria lina sababu ya kuweka mtu wa kuzunguka na deki.

Kwa mtu wa Tanga njia iko hivi. Kwanza risiti, na iwe ya mashine ya EFD. Kuidai ni wajibu wako kisheria, na ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba mlikutana. Wino wake hufifia kwenye joto letu la pwani, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Andika barua ya madai kwa meneja wa tawi, eleza tarehe na kilichotokea, sema unataka nini na kwa muda gani, na upate saini ya aliyeipokea kwenye nakala yako. Mashauri mengi huisha hapo, kwa sababu kampuni inayozoea kupuuza maneno ya mdomo huiogopa karatasi. Bidhaa ikiwa bandia au tangazo likiwa la uongo, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Sheria ya 2003 iliipa Tume uwezo wa kutoza faini kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka, na aliyepata hasara anaweza kuiomba amri ya fidia. Mizani ikikupunja, Wakala wa Vipimo. Chakula au kipodozi kikitia shaka, Shirika la Viwango.

Hela yako isiporudi, deni linalotokana na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Fedheha ya kupekuliwa au kufungiwa inakwenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambako wakili anasaidia sana. Huko nako, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina ofisi hapa Tanga.

Mwenye shaka kama taasisi hizi zinaweza kuisimamisha kampuni kubwa akumbuke saruji ya Pongwe. Wenye Twiga Cement walipotaka kuinunua Tanga Cement, Tume ya Ushindani iliruhusu Aprili 2022. Kampuni moja ya saruji na chama cha utetezi wa walaji walikata rufaa Baraza la Ushindani, na Septemba 2022 Baraza likauzuia muungano ule. Ununuzi ulikuja kuruhusiwa 2023 baada ya maombi mapya, na hisa zimeshauzwa tena tangu hapo. Hata hivyo kwa miezi kadhaa mabilioni ya shilingi yalisimama kwa sababu walaji walikuwa na chama na chama kilikuwa na hoja.

Ninachowalaumu watunga sheria ni kumwacha mdai mdogo peke yake katika safari ndefu. Ukivuka Horohoro ukaingia Lungalunga, uko nchi ambayo Katiba yake ya 2010, Ibara ya 46, inataja haki za mlaji waziwazi. Tangu 2021 ina mahakama za madai madogo zinazosikiliza shauri lisilozidi shilingi milioni moja ya Kenya na kulitolea uamuzi ndani ya siku 60. Sisi tunayo Mahakama ya Mwanzo karibu na kila tarafa, lakini muuza samaki wa Deep Sea hawezi kupoteza asubuhi tano kwa ajili ya pasi ya shilingi 40,000 huku kampuni ikiomba ahirisho baada ya ahirisho. Bunge liweke ukomo wa siku kwa madai madogo ya walaji, na likataze ahirisho lisilo na sababu. Tume ya Ushindani nayo ipite madukani ikang'oe yale maandishi mekundu.

Wewe uliyerudishwa mlangoni mwaka huu au mwaka jana, muda wako bado unahesabika. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 kwa dai la mkataba na miaka 3 kwa fedheha na madhara mengine. Itafute risiti, andika barua, na wasipokujibu nenda kwa karani wa mahakama ukafungue shauri.